Mazda, kampuni ya Hiroshima iliyokataa kumezwa

Mara ya kwanza kushika rota ya Mazda mkononi sikuamini kama hicho ndo kitu kinachosukuma gari. Ni chuma cha pembetatu, ila siyo pembetatu ya kwenye daftari la hesabu, hii pande zake zimevimba kidogo kwa nje, katikati ina tundu kubwa lenye meno ya gia kwa ndani, na kwenye kila ncha kuna kamfereji kembamba ka kuchomekea kipande cha chuma chembamba kama wembe mnene. Fundi aliyekuwa ameifungua ile injini akaniambia humu hamna pistoni, hamna valvu, hamna kamshafti, hebu zungusha uone. Nikaizungusha taratibu ndani ya kasha lake, nikaona zile ncha tatu zinafuata ukuta bila kuuachia hata sehemu moja, huku nafasi inabanwa, kule inafunguka, yaani kazi yote ya kuvuta hewa, kubana, kulipuka na kutoa moshi inafanyika kwa kuzunguka tu, hamna kitu kinachopanda na kushuka.

Basi toka siku hiyo nikawa na swali moja, kampuni gani inaamua kutengeneza kitu kama hiki wakati dunia nzima imeshakubaliana na pistoni? Nimesoma sana kuhusu Mazda tangu hapo, nimeendesha kadhaa, nimebishana na watu wengi sana, na jibu ninaloliona mimi ni kwamba waliogopa kumezwa. Kila kitu kizuri walichofanya, na mambo kadhaa mabaya pia, ukifuatilia chanzo chake utakuta kampuni ndogo inayohangaika isije ikawa tawi la mtu mwingine.

Twende mwanzo kabisa. Mwaka 1920 pale Hiroshima ilianzishwa kampuni inaitwa Toyo Cork Kogyo. Umeona hilo neno la katikati, ni koki, ile ya vizibo vya chupa. Wakati wa vita kuu ya kwanza Japani ilikuwa haipati koki kutoka Ulaya vizuri, wakawa wanatumia magome ya mti wao wanauita abemaki, ndo hao wakaingia kwenye biashara. Vita imeisha, koki ya Ulaya ikarudi sokoni, biashara ikaanza kuyumba, na kama haitoshi mwaka 1925 kiwanda kikashika moto. Anayeongoza wakati huo ni Jujiro Matsuda, mtoto wa mvuvi wa huko huko Hiroshima, alienda Osaka akiwa kijana mdogo kujifunza uhunzi, baadaye akaja kubuni pampu ya maji ikabeba jina lake. Sasa mtu kama huyo, mhunzi, umempa kazi ya kubana magome ya miti kuwa vizibo! Wala mimi sishangai kwamba baada ya moto alielekea kwenye mashine. Mwaka 1927 neno Cork likaondolewa, ikabaki Toyo Kogyo, na 1931 wakatoa chombo chao cha kwanza cha kubeba mizigo, Mazda-Go, magurudumu matatu, mbele usukani wa pikipiki, nyuma kibodi cha kuwekea mzigo.

Jina Mazda lina asili mbili na zote ni za kweli. Moja ni Ahura Mazda, mungu wa hekima wa dini ya kale ya Waajemi, ya pili ni kwamba linakaribiana sana na Matsuda ukilitamka Kijapani. Ila watu wengi hawajui kwamba kampuni yenyewe haikuitwa Mazda rasmi mpaka 1984, miaka yote hiyo ilikuwa Toyo Kogyo, Mazda lilikuwa jina la magari tu. Ndo maana hata timu ya besiboli ya mji wao mpaka leo inaitwa Hiroshima Toyo Carp, hilo Toyo ni wao.

Kile kigari cha magurudumu matatu msikidharau. Mwaka 1936 walipanga msafara wa vigari hivyo kutoka Kagoshima, kusini kabisa ya visiwa vikuu vya Japani, mpaka Tokyo, kama kilomita 2,700 hivi, kwa barabara za wakati ule, lengo watu waone kwamba kinadumu. Hiyo tabia ya kuthibitisha kwa kwenda mbali badala ya kuongea utaiona tena na tena kwenye hii stori.

Halafu ikaja tarehe 6 Agosti 1945.

Hapa naandika polepole kidogo kwa sababu watu wengi wanaipita hii sehemu kwa sentensi moja. Siku hiyo Jujiro Matsuda alikuwa anatimiza miaka 70. Bomu lilianguka saa mbili na robo asubuhi. Kiwanda cha Toyo Kogyo kiko Fuchu, kama kilomita tano kutoka pale lilipolipukia, na kati ya kiwanda na katikati ya mji kuna kilima kinaitwa Hijiyama, siyo kirefu, ila siku hiyo kilikinga sehemu kubwa ya ule mshindo. Mji umeteketea, wafanyakazi wengi wamekufa, wengine wamefiwa na familia zao zote, lakini majengo ya kiwanda yakabaki yamesimama. Na kwa vile majengo ya maana yaliyobaki yalikuwa machache, ofisi za serikali ya mkoa wa Hiroshima zikahamia ndani ya jengo la kampuni, wakafanyia kazi pale mpaka katikati ya 1946. Yaani fikiria, mtu anaenda kushughulikia mambo ya serikali kwenye ofisi za watengeneza magari. Na Desemba 1945, miezi minne tu baada ya bomu, vile vigari vya magurudumu matatu vikaanza kutoka tena. Mji unataka kujengwa, mbao zinatakiwa, chakula kinatakiwa, na kitu cha kubebea ni hicho.

Ukilielewa hilo ndo utaelewa kwa nini watu wa Hiroshima na Mazda ni kitu kimoja, na kwa nini wazo la kampuni hiyo kwenda kumezwa na kampuni ya mji mwingine halikuwa jambo la mahesabu ya benki peke yake.

Sasa, miaka ya mwisho ya 50 na mwanzo wa 60. Mzee Jujiro kafariki 1952, kiti kakaa mtoto wake, Tsuneji Matsuda. 1960 wakatoa gari yao ya kwanza ya abiria, R360 Coupe, kagari kadogo kazuri kweli, injini ya silinda mbili ya cc 356 imekaa nyuma, bei yen 300,000, ikauzika. Lakini wakati huo huo serikali kupitia wizara ya viwanda na biashara, MITI, ilikuwa na mpango kwamba Japani ina kampuni nyingi mno za magari, Wamarekani na Wazungu wakifunguliwa milango watatumaliza, bora tuziunganishe ziwe makundi machache makubwa. Kwa kampuni kama Toyo Kogyo hiyo maana yake ni moja tu, unakabidhi funguo kwa Toyota au Nissan unakuwa kiwanda chao cha pembeni. Tsuneji akaona njia pekee ya kupona ni kuwa na kitu ambacho hakuna mwingine anacho, kiasi kwamba hata serikali ione ni hasara kuwafuta.

Kitu hicho kilikuwa Ujerumani. Felix Wankel na kampuni ya NSU walikuwa wametengeneza injini ya kuzunguka, na dunia yote ya magari ilikuwa inaiongelea. Tsuneji akaenda kuomba leseni, 1961 mkataba ukawa umekamilika.

Wakaleta injini ya mfano nyumbani, wakaiwasha, na hapo ndo matatizo yakaanza maana kumbe Wajerumani wenyewe walikuwa hawajamaliza kazi. Ikiwa silensa, yaani inanguruma tu gari imesimama, inatetemeka kama mgonjwa wa homa. Inatoa moshi mweupe mzito kwa sababu oili inapenya kwenye chumba cha moto. Na kubwa kuliko yote, baada ya kuendeshwa muda, ukilifungua lile kasha unakuta ukuta wa ndani una mikwaruzo mistari mistari, imepangana kama mtu kapitisha kucha kwenye ukuta mbichi. Wahandisi wa Hiroshima wakaiita kucha za shetani. Zile sili za kwenye ncha, vile vipande nilivyosema vinafanana na wembe mnene, badala ya kuteleza ukutani zilikuwa zinarukaruka, kila ikitua inachonga, ikatua tena inachonga, mpaka injini inakufa.

Aprili 1963 ikaundwa idara maalumu ya utafiti wa rotari, ndo hiyo injini ya kuzunguka, mkuu wake Kenichi Yamamoto, na wahandisi 47. Namba hiyo kwa Mjapani siyo namba ya kawaida, inamkumbusha wale samurai 47 wa historia yao walioapa kulipiza kisasi cha bwana wao wakijua mwisho wake ni kufa, na hao vijana wenyewe walikubali kuitwa hivyo. Yamamoto aliwaambia toka leo ukiwa macho au umelala uwe unawaza rotari tu. Na ukumbuke ndani ya kampuni kulikuwa na watu wanaona hii ni pesa inayotupwa shimoni, na nje kulikuwa na maprofesa wanasema haiwezekani.

Walivyozimaliza kucha za shetani ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Wengine wote walikuwa wanafikiria ni tatizo la ugumu wa chuma, tafuta chuma kigumu zaidi basi. Wao wakagundua ni tatizo la mtetemo, kwamba ile sili ina mtetemo wake wa asili kama kengele inavyokuwa na mlio wake, na ukiisugua kwa mwendo fulani inaanza kuimba, na ikiimba inaruka. Kwa hiyo dawa siyo ugumu, dawa ni kubadilisha mlio wake. Wakatoboa matundu ndani ya sili karibu na ncha, likapita moja kwenda na lingine kukatiza, na mikwaruzo ikapotea. Kwa ajili ya gari ya kuuza wakaja kutumia sili ya kaboni iliyochanganywa na aluminiamu, inateleza yenyewe. Moshi wakautibu kwa sili za oili. Mtetemo wa silensa wakautibu kwa kuweka rota mbili, moja inasawazisha nyingine, na kubadilisha njia za kuingizia hewa.

Tarehe 30 Mei 1967 Cosmo Sport ikaingia sokoni. Rota mbili, kila moja cc 491, nguvu farasi 110, na bodi iliyokaa chini kama kitu cha kutoka anga za juu. Zilitengenezwa 1,176 tu, kidogo sana, ila haikuwa gari ya kutajirikia, ilikuwa gari ya kusema tumeweza. Na mwaka uliofuata wakapeleka mbili Nürburgring Ujerumani kwenye mashindano ya masaa 84, nasema tena, masaa 84, siku tatu na nusu bila kupumzika, moja ikaharibika mwishoni mwishoni, nyingine ikamaliza ya nne. Kilomita 2,700 za Kagoshima hizo tena, ni damu ile ile. NSU wao walitoa Ro 80 mwaka huo huo 1967, gari nzuri mno kwa umbo, ila injini zake zikawa zinakufa mapema, madai ya waranti yakawaelemea, na 1969 wakaingia mikononi mwa Volkswagen. Aliyeuza leseni kamezwa, aliyenunua kapona.

Ila nisije nikaandika kama kila kitu kilikuwa ushindi. Rotari ina ubaya wake wa kuzaliwa nao. Chumba chake cha moto ni kirefu na chembamba na kinasogea, moto haufiki vizuri pembeni, mafuta mengine yanatoka bila kuungua, kwa hiyo inakunywa. Inakunywa kweli. Na inaunguza oili kidogo kidogo kwa makusudi kabisa, maana zile sili zinahitaji kulainishwa, pampu inadondoshea oili ndani ya moto. Mtu asiyejua hilo anaendesha bila kupima oili, siku moja injini imekwisha, anaenda kutangaza kila mahali kwamba rotari ni takataka. Nusu ya sifa mbaya ya rotari inatoka hapo, kwa watu waliouziwa bila kuambiwa.

Nusu nyingine ni ya haki. 1973 mafuta yalipopanda bei duniani Mazda walikuwa wameweka rotari karibu kwenye kila gari wanayopeleka Marekani, na mamlaka ya mazingira ya kule ikatoa vipimo vinavyoonyesha zinaenda kama maili 10 kwa galoni moja mjini, hiyo ni kama kilomita nne na kidogo kwa lita. Mauzo yakaporomoka. Viwanja vimejaa magari yasiyonunuliwa, kampuni ikawa ukingoni kabisa, Benki ya Sumitomo ikaingia kuokoa, wafanyakazi wa kiwandani, watu wa kufunga nati na wahandisi, maelfu wakapelekwa kwenye maduka ya magari kwenda kuuza mlango kwa mlango. Kohei Matsuda, mtoto wa Tsuneji, akaachia kiti 1977, utawala wa ukoo ukaishia hapo. 1979 Ford wakachukua karibu asilimia 25 ya hisa. Kwa hiyo ile hofu ya kumezwa, silaha yenyewe waliyoitengeneza kujikinga nayo ndo nusura iwamezeshe. Nikifika hapa huwa naumia.

Lakini angalia walichofanya. Mtu yeyote mwenye akili ya biashara angetupa rotari jalalani. Wao wakajipa kazi ya kupunguza ulaji wa mafuta kwa asilimia 40, wakauita mpango wa Phoenix, yule ndege anayefufuka kwenye majivu, na 1978 wakatoa RX-7. Gari nyepesi, injini imekaa nyuma ya ekseli ya mbele, bei inayofikika. Ikauzika sana hasa Marekani. Na 1980 wakatoa Familia, wengine mnaijua kama 323, ya kuvutwa na matairi ya mbele, injini ya pistoni ya kawaida kabisa, ikawa ya kwanza kuchukua tuzo ya gari bora ya mwaka Japani. Hiyo ndo iliyolipa madeni. Mashabiki wa rotari hatupendi sana kuisema lakini ukweli ni huo, Familia ndo iliyolisha familia.

1984 Kenichi Yamamoto, yule wa wahandisi 47, akawa rais wa kampuni. Na chini yake ndo ikaruhusiwa gari nyingine ambayo hesabu zilikuwa zinaikataa, kagari ka watu wawili, paa linafunguka, injini mbele inasukuma nyuma, MX-5. Wazo lilitokana na mwandishi wa magari wa Marekani, Bob Hall, aliyemwambia Yamamoto miaka ya 70 kwamba zile gari ndogo za wazi za Kiingereza zimekufa na hakuna aliyechukua nafasi yake. Ilionyeshwa Chicago Februari 1989. Mhandisi mkuu Toshihiko Hirai aliisimamia kwa neno moja la Kijapani, jinba ittai, farasi na mpandaji kuwa mwili mmoja. Siyo maneno ya tangazo tu, ukiingia chini ya gari unakuta fremu ya aluminiamu imeunganisha giaboksi na difu moja kwa moja, kazi yake ni kwamba ukikanyaga mafuta hakuna kitu kinachojipinda katikati, mguu wako na tairi la nyuma vinaongea bila mkalimani. Niliendesha ya kizazi cha kwanza, ya mtu, mkono wa gia mfupi, unaingia kwa kufinya kidole tu, na kwenye kona ya pili nilikuwa nimeshasahau kwamba ina farasi mia na kitu tu. Hapo mtu wa kuhesabu farasi huwa hanielewi. Aprili 2016 ilitimia ya milioni moja, gari ambayo washindani walisema haina soko.

Na 1991, Le Mans, zile mbio za masaa 24 za Ufaransa. Hii nitaandika hata nikiwa mzee.

Rotari ilikuwa inaelekea kufungiwa, sheria mpya za injini za lita 3.5 zilikuwa zinaingia na yenyewe haikuwa na nafasi, kwa hiyo mwaka huo walijua ndo wa mwisho. Mazda walipeleka 787B, rota nne, farasi kama 700, rangi ya machungwa na kijani inayokaa kama shati la mtu aliyeamua kuonekana. Wakaruhusiwa kukimbia na kilo 830 wakati Jaguar na Mercedes wanabeba kilo 1,000, hilo bosi wa timu, Takayoshi Ohashi, alilipigania kwa barua na vikao na ni haki kusema lilisaidia sana. Gari namba 55, madereva Johnny Herbert, Volker Weidler na Bertrand Gachot. Mercedes iliongoza sehemu kubwa, masaa ya mwisho ikaanza kuchemsha ikasimama, Jaguar walikuwa wanabana mafuta kwa sababu kulikuwa na kiwango cha mafuta kwa mbio nzima, na ile injini ambayo dunia nzima ilikuwa inaitukana kwa kunywa ndo ikawa inapita huku imekanyagwa. Mizunguko 362. Kama hujawahi kusikia mlio wake usiendelee kusoma, kautafute kwanza urudi, siyo ngurumo, ni kama mtu anachana shuka refu la chuma angani bila kumaliza. Herbert hakutoka kwenye gari mwisho, akamalizia mwenyewe, alipotoka akaanguka kwa kuishiwa maji mwilini, wenzake wakapanda jukwaani bila yeye.

Ilikuwa mara ya kwanza kampuni ya Japani kushinda Le Mans, na Toyota na pesa zao zote walisubiri mpaka 2018. Na mpaka leo hakuna injini nyingine isiyo ya pistoni iliyowahi kushinda pale.

Wakati huo huo nyumbani walikuwa wanajichimbia kaburi, na hapo siwatetei. Miaka ya pesa nyingi ya Japani walifungua majina matano ya kuuzia magari, Mazda, Eunos, Efini, Autozam, na Autorama iliyokuwa ya Ford, kampuni ndogo inajifanya Toyota, gari ile ile inabadilishwa taa inapewa jina lingine. Uchumi ulipopasuka wakabaki na magari ya kusukuma kwa punguzo kubwa, na punguzo likaua bei ya mtumba, mpaka Wajapani wakawa na msemo, jehanamu ya Mazda, maana yake ukishanunua Mazda huwezi kutoka, hakuna anayekupa bei ya maana ukiirudisha isipokuwa Mazda wenyewe, basi unanunua nyingine, na nyingine. Sifa hiyo iliwakaa kichwani kwa miaka mingi. 1996 Ford wakapandisha mpaka asilimia 33.4 wakaleta rais wao, Henry Wallace, mgeni wa kwanza kuongoza kampuni kubwa ya magari ya Japani. Watu wa Ford waliwafundisha nidhamu ya pesa, lazima niseme hivyo, na mwaka 2003 bado RX-8 ya rotari ikatoka. Ila magari ya miaka hiyo yalipata sifa nyingine wanayoistahili, kutu. Mazda 3 na Mazda 6 za kwanza, kwenye nchi zinazomwaga chumvi barabarani wakati wa baridi, zilikuwa zinaliwa kwenye matao ya matairi kama biskuti kwenye chai, na ukitaka kununua ya umri huo kutoka huko anzia hapo, inama, weka mkono ndani ya tao, usiangalie rangi ya nje.

2008 Ford wakabanwa na hali yao wakaanza kuuza hisa. Kampuni iko peke yake, haina pesa ya kutengeneza gari za umeme wala haibridi kama wenzake. Wakafanya ukaidi wao tena. Wakati kila mtu anapunguza ukubwa wa injini na kuweka taabo, jamaa mmoja anaitwa Mitsuo Hitomi akawaambia tuirudie injini ya kawaida tuitengeneze vizuri. Wakaiita Skyactiv. Petroli yenye mbano wa 14 kwa 1, yaani kilichomo ndani ya silinda kinabanwa mara 14, kitu ambacho kitabu kinasema itagonga, mafuta yatalipuka kabla ya wakati wake, wakaizuia kugonga kwa egzosi ndefu iliyopangwa nne kuwa mbili kuwa moja ili moshi wa moto usirudi ndani. Dizeli wakaifanyia kinyume, wakashusha mbano mpaka 14 hiyo hiyo, ikawa nyepesi. CX-5 ikaja nayo 2012 na ndo imewabeba mpaka leo. Ile dizeli kama ni ya safari fupi fupi za mjini inajaza masizi, hilo mafundi wengi watakwambia na wanasema kweli, ni ya mtu wa safari ndefu. Petroli mimi sina neno nayo. Mwaka 2020 jarida la Consumer Reports la Marekani waliiweka Mazda namba moja kwa kutoharibika, juu ya Toyota na Lexus. Kutoka jehanamu mpaka hapo!

Toyota wana hisa kama asilimia tano tangu 2017, na Mazda nao wakanunua kidogo za Toyota, wana kiwanda cha pamoja Alabama. Kuna wanaosema ndo mwanzo wa kumezwa. Mimi naangalia mambo mengine. 2023 rotari ilirudi kwenye MX-30, rota moja tu ya cc 830, haisukumi matairi, inazungusha jenereta ya kuchaji betri, na kwa kazi hiyo inafaa sana maana ni ndogo na ikikaa kwenye mwendo mmoja haisumbui. Halafu Januari 2024 wakatangaza kwamba kikosi cha kutengeneza rotari, kilichokuwa kimevunjwa, kinaundwa upya, kianze kazi tarehe 1 Februari. Wahandisi 36. Niliisoma hiyo habari usiku nikiwa kitandani, nikaamka nikakaa, nikaanza kuhesabu wamebaki wangapi wafike 47.